Hali Shwari

Kalunde, mweka hazina, ananishikia ngazi.
Ghala la asali, Sikonge, saa nne asubuhi.
Ndoo zimepandana hadi kwenye lenta,
nta imeingiza harufu yake hata ndani ya waya.
"Fundi, ongeza," anasema. "Ongeza tu.
Dirisha la nyuma, paa, na lile tundu wanalopitia paka."

Nafungua boksi. Bodi ina njia nane,
na zote nane zina wenyewe:
mlango mkubwa, mlango wa mizani, ofisi,
madirisha matatu ya mashariki,
kabati la risiti,
geti.
Nyumba iliyojaa haiongezwi mpangaji
kwa kuwaambia waliomo wasogee.

Ila kuna ujanja.
Waya mmoja hubeba sauti mbili
iwapo kila sauti ina uzito wake.
Rizista ya nyekundu tatu mfululizo
namvika dirisha la zamani;
ya njano, zambarau na nyekundu
namvika mgeni.
Bodi haisikii maneno, inapima mzigo.
Mzigo ukizidi kidogo, inajua ni mwenyeji.
Ukizidi zaidi, ni mgeni.
Wakilia pamoja, inajumlisha
kama Kalunde na daftari lake,
midomo ikicheza, bila sauti.

Kabla ya adhana ya adhuhuri
nane zimekuwa kumi na moja.
Kalunde anapiga makofi mara moja, la pili analizuia.

Nikiwa bado juu ya ngazi namuuliza:
Mlekwa alikuwa anakaa wapi?

Ananyoosha kidevu. Kiti cha chuma, kibarazani.
Kimegeuzwa, kimelazwa kifudifudi.

Mwezi wa tatu, usiku wa mvua, mlinzi alianguka pale.
Tochi yake iliwaka hadi betri ikaisha.
Kumbukumbu ya mashine niliisoma mwenyewe:
Saa saba, milango imefungwa.
Saa nane, milango imefungwa.
Saa tisa, madirisha salama.
Saa kumi na moja, hali shwari.
Kijani, kijani, taa ya kijani,
na mtu amelala na tope mdomoni
hatua sita kutoka kwenye king'ora
kinachosikika mpaka stendi.

Mashine haikusema uongo.
Iliulizwa habari za milango, ikajibu habari za milango.
Aliyeiuliza ni mimi.
Kazi ile niliifunga mwaka juzi,
risiti yangu imo kabatini,
inalindwa, njia ya saba.

Natoa mkobani kitu kisichokuwa kwenye oda:
kitufe chekundu, upana wa kizibo cha soda.
"Hicho bei gani?"
"Hakimo kwenye hesabu."
"Hapa kila kitu kimo kwenye hesabu," anasema Kalunde,
na anaandika: kitufe, kimoja. Mbele yake
anaacha nafasi, kalamu ikining'inia,
kisha anafunga daftari.

Mhoja, mlinzi mpya, kijana wa Ipole,
anataka nikiweke usawa wa bega, kionekane kizuri.
Nakataa.
Nalala chini, juu ya saruji, na ovaroli langu safi,
nanyoosha mkono kama mtu asiyeweza tena kuinuka.
Vidole vinapogota ukuta natia alama ya chaki.
Hapa.
Hakuna anayecheka.

Natoboa. Vumbi la tofali linaniingia puani.
Rizista hii ya tatu nimeichagua nzito kuliko zote,
bodi isije ikamchanganya mtu na dirisha.

"Na nikikibonyeza kwa bahati mbaya?" anauliza Mhoja.
"Usiku wa manane, bure tu, kiwiko kimeteleza?"

"Utatuamsha mji mzima.
Tutakuja tunakutukana, wengine na kanga za kulalia,
tutakutukana mpaka kwa babu zako.
Lakini tutakuja."

Anakichungulia, ameinama, mikono nyuma,
kama mtu aliyekaribishwa chakula
katika nyumba asiyoizoea.
"Jaribu," namwambia.